Baba mkwe hanywi maji kwa sababu yangu

Admin, ficha jina langu na usiweke hata picha ya maua, maana ukoo mzima wa mume wangu umo humu. Mimi ni mama wa miaka 31, mzaliwa wa Bulyaga, Tukuyu, nimeolewa kwa watu wa Igogwe. Kwa sasa tunaishi Sao Paulo, Brazili. Mimi nasuka nywele katikati ya jiji, mume wangu yuko kiwanda cha kuku mkoa mwingine, anarudi mwisho wa mwezi. Nyumbani wanadhani huku tunakula bata tu. Tuna chumba kimoja na sebule, ghorofa ya tisa, na honi za magari mpaka kichwa kinauma.

Mume wangu alimleta baba yake atembee, aone tunapoishi kabla uzee haujamzidi. Sasa watu wa Rungwe mnajua. Kwa Wanyakyusa wa zamani mkamwana na baba mkwe hawaonani uso kwa uso, na kugusana ndiyo usiseme. Wengi wameshaacha, ila mzee huyu ni wa kale kweli kweli, na mama yangu alinilea hivyo hivyo. Kule ukimwona mkwe anakuja unakatizia migombani. Ghorofani unakatizia wapi? Tukamtundikia pazia la kitenge sebuleni. Nikitaka kupita nagonga sufuria, anageukia ukutani. Chakula naweka kwenye stuli, nasikia tu, "Ndaga fijo, mwanangu," yaani asante sana. Tulikuwa tunacheka na mume wangu, lakini nilimpenda yule mzee bila kumwona.

Kila asubuhi alitoka kwenda kukaa kwenye benchi mtaani ili mimi nioge na kufanya usafi kwa uhuru. Mwezi uliopita akiwa anavuka barabara pikipiki ikamgonga, nyonga ikavunjika. Hospitali walimpasua, hawakututoza hata senti, Mungu awabariki, kisha wakamrudisha nyumbani. Hawezi kusimama. Jirani mmoja mwanaume, mtu wa Angola, alikuwa anaingia kumwogesha, lakini amehama. Mume wangu kaomba ruhusa, bosi kamwambia ukiondoka usirudi.

Nimebaki mimi. Mume wangu kwenye simu anasema, "Ingia umwogeshe, huko siyo Tukuyu." Wifi yangu mkubwa aliye nyumbani ananifokea, "Thubutu! Ukimwona baba uchi, usikanyage hapa tena." Nikamwambia basi njoo wewe umwogeshe! Akakata simu. Najua nina mdomo, lakini jamani nimechoka.

Mzee mwenyewe ndiye ananimaliza. Juzi nilisema nje ya pazia, "Baba, naomba niingie nikusafishe." Akajibu, "Mwanangu, ukiingia utakuwa umeniua kabla sijafa." Tangu hapo chakula anarudisha, na maji ndiyo kabisa. Nikadhani ni homa. Kumbe hanywi ili asikojoe, asije akanihitaji. Jana nilichungulia, Mungu anisamehe, midomo imepasuka, macho yameingia ndani. Nesi anayepita mara moja kwa wiki amekuja leo, kasema akiendelea hivi figo zitagoma.

Naandika nimekaa sakafuni nje ya pazia, beseni la maji ya uvuguvugu liko miguuni. Nikiingia kwa nguvu mwili wake unaweza kupona, lakini naogopa atakata tamaa ya kuishi, na mimi kwa wakwe ndiyo basi tena. Nisipoingia atakufa kwa kiu ndani ya nyumba yangu. Msinitukane, na msiniambie niombe tu, nimeomba mpaka magoti yanauma.

Sasa hivi namsikia anasali kwa Kinyakyusa, sauti imekauka. Anamwomba Mungu anibariki kwa kumtunzia heshima yake. Ndugu zangu, nishaurini, nitaingiaje humo?