Uzito wa Kaijage kwenye Mkono wa Breki

Kashaija alizaliwa Ihembe, katika nyumba ya wafugaji waliobakiwa na ng'ombe wanne baada ya maradhi kupita. Ng'ombe wanne hawawezi kulisha kaka watano, kwa hiyo mwaka wa thelathini na tisa alifunga blanketi lake akaenda kwa miguu hadi Kyerwa, kwenye machimbo ya bati. Hakuwa na elimu zaidi ya kusoma Agano Jipya kwa kufuata kidole. Alikuwa mrefu, mkimya, na watu walimjua kwa jambo moja: hasira zake zilichelewa kuja, lakini zikishakuja hazikuondoka.

Kazi aliyopewa ilikuwa ya breki. Mchanga wenye bati ulichimbwa juu kilimani, ukateremshwa kwa toroli za reli hadi bondeni kwenye maji ya kuoshea. Nyuma ya kila toroli palikuwa na mkono mrefu wa mti. Ukiuegemea, kipande cha gogo kigumu kinakandamiza magurudumu mawili. Mwenye breki husimama kwenye kibao, anashuka na mzigo wake. Hakuna aliyemfundisha Kashaija kazi ile. Mkono wenyewe ulimfundisha. Alijua kwamba toroli ikishuka sawasawa, haiongezi mwendo wala haipunguzi, basi mzigo unavuta kwenda chini kadiri ileile gogo linavyozuia. Mzigo ukizidi hata kidogo, alikuwa akiusikia begani kabla macho hayajaona.

Miaka minne baadaye alimleta shemeji yake, Ndyamukama, mume wa dada yake Kokugonza. Alikuwa mtu mfupi mwenye kucheka ovyo, aliyekuwa mnywaji mkubwa wa rubisi, pombe ya ndizi, mpaka uamsho ulipofika kanisani kwao. Siku aliyookoka alisimama mbele ya watu akamwaga kibuyu chake chini, na tangu hapo hakuonja tena. Mwinjilisti alimtaja mara nyingi katika mahubiri kama mfano. Kashaija alimfundisha breki mwenyewe, akisimama nyuma yake kwenye kibao kile kile, wiki tatu nzima.

Masika ya mwaka wa arobaini na nane, nyapara wao, Kaijage, alitoa amri mpya. Toroli iliyokuwa ikipakiwa madebe ishirini sasa ipakiwe ishirini na nane, hadi mdomoni. Malori yalikuwa yakisubiri, na bwana mkubwa alitaka mzigo.

Kashaija alimfuata asubuhi ile ile. "Mzee Kaijage, breki hizi ni za madebe ishirini."

"Breki ni breki," Kaijage alijibu. "Mtu akivuta kwa nguvu, inashika."

"Na mvua hizi je?"

"Wewe umeajiriwa kuvuta au kuhubiri?"

Kashaija akanyamaza, akarudi kazini. Kwa kunyamaza kule hakujisamehe mpaka alipoingia kaburini.

Siku ya tatu ya amri ile, kiasi cha saa nane mchana, mvua ilipiga ikapita. Kashaija alikuwa bondeni akimwaga mzigo wake aliposikia reli zikilia. Akainua macho. Toroli ya Ndyamukama ilikuwa imefika kwenye sehemu kali ya mteremko, na mwenyewe alikuwa ameulalia mkono wa breki kwa kifua, miguu yote hewani. Hakuruka. Chini palikuwa na wanawake sita wakiosha mchanga, na alikuwa akiwapigia kelele waondoke. Waliondoka. Toroli ikaacha reli kwenye kona, ikampindukia.

Walimtoa akiwa amekwisha kufa. Kashaija alimbeba na wengine watatu, kwa machela, safari ya siku nzima hadi nyumbani kwa Kokugonza.

Lakini habari zilikuwa zimewatangulia. Kaijage alikuwa amemwambia karani, na karani alikuwa ameandika: mwenye breki alikuwa amelewa, hakuvuta. Mpanda baiskeli mmoja aliisikia, akaipeleka mpaka kanisani. Walipofika na maiti, mwinjilisti alikuwa tayari amekaa uani, uso ameukunja.

"Siwezi kumwombea kaburini," alisema. "Alisimama mbele ya watu akaahidi. Nikimzika kama aliyeshinda, nitawaambia nini wengine?"

Kokugonza alikuwa ameketi chini, mikono imelala mapajani. "Alikunywa lini?" aliuliza. "Aliondoka hapa Jumapili, tumbo lina uji."

"Imeandikwa, mama."

Walimzika jioni ile kwenye kibanja chake, katikati ya migomba, bila wimbo. Kashaija ndiye aliyefukia. Alitupa udongo kwa koleo kama mtu anayepigana, mpaka jirani mmoja akamshika mkono. Aliutoa mkono ule. Hakulia. Siku ya tatu alimwambia dada yake, "Ninarudi Kyerwa. Nikikuta ile karatasi ina ukweli, nitanyamaza. Ikiwa ni uongo, watakula uongo wao."

"Kaka, usipigane."

"Sipigani."

Kweli hakupigana. Alikwenda moja kwa moja hadi barazani kwa bwana mkubwa, mzungu mnene aliyejua Kiswahili cha kazi tu, akasimama hapo tangu asubuhi. Karani alimfukuza mara mbili. Mara ya tatu bwana mwenyewe alitoka.

"Shikamoo, Bwana. Karatasi yako inasema shemeji yangu hakuvuta breki. Mimi nasema hata wangevuta watu wawili toroli ile isingesimama. Nipe saa moja, toroli, na madebe. Kama nasema uongo, nifukuze."

Kaijage, aliyekuwa amekuja na hesabu za zamu, alicheka. "Bwana, huyu ana uchungu. Toroli yoyote inasimama kama mtu anavuta vizuri."

"Vizuri ni kiasi gani?" Kashaija alimgeukia. "Kwa uzito wako wewe, Mzee Kaijage, ingesimama?"

"Ingesimama."

"Umesema mbele ya Bwana."

Palikuwa na mizani ya stoo, ya kupimia magunia. Kashaija alimtaka Kaijage apande. Nyapara alimtazama bwana, akitumaini ataliona jambo hili kuwa ni utovu wa adabu, lakini bwana alionyesha mizani kwa kidevu. Kaijage akapanda, kofia mkononi, watu wa zamu nzima wakimtazama. Alikuwa mtu wa shibe. Kisha Kashaija akajaza mawe kwenye gunia mpaka mizani ikasoma kama ilivyosoma kwa Kaijage, na gunia lile wakaliburuta hadi kilimani.

Waliweka toroli kwenye sehemu kali ya mteremko. Kashaija alifunga kamba nene nyuma yake, akaizungusha kwenye kisiki, akaiacha ilegee hatua kumi ili toroli isije ikaua tena. Kisha akalining'iniza gunia la mawe kwenye ncha ya mkono wa breki.

"Huyu hanywi," alisema. "Wala hasinzii. Pakieni."

Madebe ishirini. Wakaondoa mawe yaliyozuia magurudumu. Toroli ikatulia. Kashaija akamwaga ndoo mbili za maji juu ya magurudumu na gogo. Ikaguna kidogo, ikakaa palepale.

"Madebe manane zaidi."

Walisubiri gogo likauke kwa jua, wakalifuta na kulisugua kwa mchanga. Madebe ishirini na nane, breki kavu: toroli ilisimama, lakini Kashaija alipoisukuma kwa kiganja kimoja ilianza kushuka polepole, nao wakalazimika kuizuia tena kwa mawe. Kaijage alikuwa akifutafuta kofia yake.

"Bwana, tazama," Kashaija alisema. "Hapa nguvu ni mbili. Moja inavuta kwenda bondeni, hiyo ni ya mzigo. Nyingine inazuia, hiyo ni ya gogo kusuguana na gurudumu. Zikilingana, toroli haikimbii. Ya bondeni ikizidi, ile iliyozidi ndiyo inayoongeza mwendo, kila hatua zaidi na zaidi. Mliongeza madebe, mkaongeza ya bondeni. Mkono wa mtu mliuongeza wapi? Na mvua ikija, msuguano nao unapungua. Basi angevuta nini?"

Akaamuru mawe yaondolewe magurudumuni, toroli ikashika; akachukua ndoo, akamwaga.

Hakuna aliyeigusa toroli. Ilianza kwa kunyata, gurudumu likiteleza chini ya gogo huku gunia la mawe likining'inia kwa uzito wake wote, kisha ikachangamka, na kabla ya hatua ya kumi ilikuwa inakimbia. Kamba ilikaza kwa mlio uliowafanya watu waruke nyuma. Kisiki kikatikisika. Toroli ikasimama, madebe mawili yakamwagika.

"Huyo ni wewe kwenye breki," Kashaija alimwambia Kaijage. "Umelewa?"

Kaijage akavaa kofia yake. Bwana mkubwa akauliza ni nani aliyeamuru madebe ishirini na nane. Hakuna aliyesema, kwa sababu wote walijua kwamba Kaijage aliamuru kwa sababu bwana mwenyewe alitaka mzigo, na bwana naye alijua. Alimwita karani, akakata neno "amelewa" kwa kalamu nyekundu, akaandika "ajali ya mvua." Kesho yake mstari mweupe ulichorwa ndani ya kila toroli, kwenye debe la ishirini. Kaijage alihamishiwa shimo jingine, akiwa nyapara vilevile.

"Mvua haikupakia madebe, Bwana," Kashaija alisema aliposomewa maneno yale. Alijibiwa kwamba amepata alichokitaka. Akaomba barua yenye maneno hayo mapya, akaipata, akafunga blanketi lake, na Kyerwa hakurudi tena.

Mwinjilisti aliisoma ile barua mara mbili, akasikia na habari ya gunia la mawe, amesimama uani kwa Kokugonza. Jumapili iliyofuata alikuja na watu wa kanisa, wakaimba kaburini, akaomba vizuri na kwa machozi, akamtaja Ndyamukama kuwa aliyeokoa wanawake sita. Baadaye alimpa Kokugonza mkono, naye akaupokea. Alimpa Kashaija mkono. Kashaija aliutazama, akaweka mikono yake nyuma.

Watu walipoondoka, dada yake alimlaumu. "Amekuja kutubu, kaka. Ungempokea."

"Alimjua mumeo miaka tisa," Kashaija alisema. "Alikula naye. Alimwona akimwaga kibuyu. Halafu karani mmoja akaandika neno moja, naye akaliamini. Na leo ameamini gunia la mawe. Lakini mumeo mwenyewe, yule mwinjilisti hakumwamini hata siku moja."

Kokugonza aliingia ndani kuwasha moto, na Kashaija akabaki akisimamisha mgomba uliokuwa umeangushwa na watu wengi waliokanyaga kibanja.

Alikaa Ihembe miaka mingi baada ya hapo, akilima kahawa. Kanisani alikwenda, lakini alikuwa akiketi benchi la mwisho na kutoka kabla ya watu kupeana mikono.