Kitanda cha Twiga

Mume wangu ni fundi wa kuchomelea huko ughaibuni. Aliambiwa hatapata viza ya familia mpaka kila mmoja wetu awe na kitanda, basi akamtengenezea binti yetu Twiga cha chuma. Tukakataliwa. Kila mwaka tulipoomba upya alinipigia simu: "Mama Twiga, hebu mpime mwanao." Nilimsimamisha mlangoni, futi mkononi, nikiwalaani hao wenye mihuri yao. Naye huko alikikata kitanda, akaunga chuma, akakirefusha.

Leo viza imetoka, yangu tu. Twiga ametimiza miaka kumi na minane. Kwa hao wenye mihuri si mtoto tena.

Nilipomweleza baba yake aliuliza, "Sasa amefika urefu gani?"