Anasema Hana Maumivu

Siku hizi manesi wanauliza namba. Juzi nilikwenda kliniki kwa ajili ya magoti yangu haya, na msichana mmoja mwenye gauni safi akaniuliza, tangu sifuri hadi kumi, maumivu yangu ni ngapi. Nikamwambia nne. Akaandika nne, akamwita anayefuata. Sikumlaumu. Hata mimi nilipokuwa na umri wake niliandika nilichoambiwa, na nusura mtu apoteze mguu kwa kalamu yangu.

Ilikuwa miaka ya sitini, Uhuru ungali mbichi, katika hospitali moja iliyokuwa kati ya Migori na Homa Bay. Nilikuwa nimemaliza mafunzo mwaka huohuo, na gauni langu lilitiwa wanga mpaka likaweza kusimama peke yake. Naikumbuka wodi ile ya wanaume kwa mapenzi ambayo, nikisema kweli, sikuwa nayo wakati ule: sindano za kioo zikitokota kwenye sufuria, harufu ya spiriti na sabuni ya kipande, sakafu nyekundu iliyosuguliwa mpaka ukaona uso wako ndani yake. Hata leo nikisikia harufu ya spiriti, mgongo unanyooka wenyewe. Natamani kurudi pale, hata kwa asubuhi moja tu, nitandike vitanda.

Mimi ni mtoto wa ziwani, upande wa Mbita. Kwetu maumivu yana sauti. Mvuvi akichomwa na mwiba wa samaki, kijiji kizima kinajua, na majirani wanakuja kumsaidia kulia kabla hawajauliza kuna nini. Kwa hiyo niliingia wodini nikipima maumivu kwa masikio. Aliyepiga kelele alipata sindano, aliyeguna chinichini alipata aspirini, na aliyenyamaza alipata pole na kikombe cha chai. Kitanda cha nane alikuwako mvuvi wa kwetu aliyepasuliwa ngiri. Nikigusa shuka lake tu, alimwita mama yake, nyanya yake, na wote waliotangulia mbele ya haki. Huyo hakukosa dawa hata siku moja.

Kitanda cha tisa aliletwa mwanamume Mkuria wa makamo, kutoka huko karibu na mpaka wa Tanzania. Mkokoteni wa ng'ombe ulikuwa umempindukia ukamvunja mguu chini ya goti. Daktari aliunyoosha, ukafungwa plasta, na mimi ndiye niliyeushika wakati plasta inazungushwa. Aliyemleta alikuwa mtu wa rika lake. Walitahiriwa siku moja, wamesimama bega kwa bega. Kwa Wakuria, siku hiyo kijana hapepesi jicho, na akikunja uso tu atachekwa mpaka uzeeni. Yule mwenzake alikuwa mtu mwema sana. Alikaa kwenye benchi kando ya kitanda tangu asubuhi, akamshikia kikombe, akamsimulia habari za ng'ombe waliobaki nyumbani. Sikujua kwamba alikuwa pia shahidi.

Asubuhi baada ya plasta nilimuuliza mgonjwa kama mguu unauma.

"Mguu iko sawa, sista," akajibu.

Nikaandika kwenye chati: hana maumivu. Saa nne nikauliza tena, akajibu vilevile, nami nikaandika vilevile, kwa ule mwandiko mzuri niliokuwa nikijivunia. Nikamgeukia mvuvi wetu nikamwambia ajifunze kwa jirani yake. Bado naona haya nikikumbuka.

Saa sita nilipopitisha chakula, niliona kwamba uji wa asubuhi ulikuwa palepale, umeganda. Mvua ilikuwa imenyesha na wagonjwa wote wamejifunika, lakini yeye alikuwa na jasho juu ya mdomo. Pindo la blanketi alikuwa amelisokota likawa kamba. Nikabonyeza ukucha wa kidole cha mguu uliokuwa ukichungulia kwenye plasta. Damu ilirudi, lakini ilirudi kwa uvivu. Tulikuwa tumefundishwa kwamba plasta ikibana, maumivu ndiyo hutangulia, na ukingoja mpaka vidole vigeuke rangi umeshachelewa. Huyu alikuwa akiificha ile dalili moja ambayo ingemwokoa.

Nilimkimbilia sista mkuu, mama mrefu ambaye sikuwahi kumwona akicheka kazini. Alikuja, akasimama miguuni pa kitanda, akauliza kwa sauti ya wodi nzima kama kuna maumivu. Mwenzake wa rika aliinua kichwa. Mgonjwa akasema hapana uma. Yule mwenzake akatabasamu kwa fahari.

"Sisi hapana watoto, mama," akamwambia sista.

Sista mkuu alichukua chati, akaniwekea kidole kwenye mistari yangu miwili. Aliniambia kwamba daktari yuko chumba cha upasuaji na haitwi kwa kubahatisha, tena nimeandika mwenyewe. Kisha akaenda zake. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, lakini nadhani wahenga hao hawakuwa na mtu wa rika lao kando ya kitanda.

Nilibaki nimesimama pale, na aliyenijia akilini ni baba yangu. Baba alikuwa wa kizazi kilichong'olewa meno sita ya chini, kama ilivyokuwa desturi ya Wajaluo wa zamani. Tukiwa watoto tulimuuliza sana kama iliuma. Jibu lake lilikuwa moja miaka yote: "Waling'oa sita tu." Tulicheka, naye akacheka kwa lile pengo lake. Sikuwahi kugundua kwamba hakutujibu. Nami binti yake nilikuwa nikizunguka wodini nikiamini kwamba mtu akiumia lazima asikike.

Nikavuta pazia la magurudumu nikalizungushia kitanda, nikasema ni wakati wa kumwogesha mgonjwa. Mwenzake akatoka kwa heshima, akaenda kukaa barazani, hatua chache kutoka dirishani. Niliweka karai la maji juu ya kiti. Nilijua nikiuliza tena nitajibiwa yaleyale. Nikamkumbuka nyanya yangu, aliyekuwa mkunga kule kwetu. Yeye hakumuuliza mzazi lolote. Alimpa mkono, na kwa namna alivyoshikwa alijua mtoto yuko wapi.

Nikanyoosha mkono wangu wa kulia, nikamnong'oneza.

"Sikuulizi kitu, mzee. Shika hapa, unibane vile plasta inakubana."

Aliutazama ule mkono kwa muda. Kisha akageuza macho kwenye dari, akaushika, akabana.

Nilisikia vifundo vya vidole vyangu vikilia. Uso wake ulikuwa wa mtu anayesubiri mvua ikatike. Kwa mkono wangu wa kushoto nikakinyoosha taratibu kidole gumba cha mguu wake, kama tulivyofundishwa kupima plasta inayobana, na hapo alinibana mpaka machozi yakanitoka. Nilitaka kumwita mama yangu, kama yule wa kitanda cha nane. Lakini mwenzake alikuwa pale nje ya dirisha, na ningelia angejua. Nikauma mdomo nikanyamaza. Hiyo ndiyo mara ya kwanza maishani mwangu kuumia bila sauti, na nilielewa ni kazi kubwa kiasi gani.

Aliponiachia, nililichukua lile karai nikamwaga maji yote juu ya plasta. Halafu nikapaza sauti kwamba nimeharibu, mikono yangu ni mizembe, plasta imelowa chepechepe na haifai tena.

Sista mkuu alikuja mbio. Alinikaripia mbele ya wodi nzima kwa maneno ambayo sitayarudia, na mvuvi wetu alisahau ngiri yake kwa raha ya kusikiliza. Daktari aliitwa, akafika na glavu bado mkononi, amekasirika. Plasta ikakatwa kwa makasi tangu juu hadi chini. Ilipofunguka, mguu ulikuwa umevimba na kung'aa, wenye rangi ya zambarau. Daktari aliacha kukasirika. Alisema polepole kwamba ingefika jioni tungekuwa tunazungumza habari za kuukata.

Mgonjwa alifumba macho. Sista mkuu alitoa funguo za kabati mfukoni, akaleta sindano ya mofini mwenyewe, akamchoma bila kumuuliza lolote.

Baadaye aliniita mezani pake. Aliutazama mkono wangu, uliokuwa umevimba hata nisiweze kushika kalamu sawasawa. Akalitazama karai. Hakuwa mjinga yule mama, nami nilikuwa nimejiandaa kufukuzwa.

"Usiandike tena hana maumivu," akaniambia. "Andika, anasema hana maumivu. Halafu uangalie."

Nikaandika hivyo, kwa mwandiko mbaya kuliko wote niliowahi kuandika. Nimeandika hivyo miaka yote niliyofanya kazi, na wasichana niliowafundisha baadaye walinicheka nyuma ya mgongo wangu kwa neno lile moja, anasema.

Yule Mkuria alirudi miezi kadhaa baadaye kumwonyesha daktari mguu. Alikuja kwa miguu yake miwili na fimbo ya kuchungia, mwenzake wa rika akiwa nyuma yake amebeba kibuyu cha maziwa ya mgando. Walipita wodini kusalimia. Alisimama katikati ya sakafu ile nyekundu, akawasimulia wagonjwa wapya habari yote: mguu wake haukuuma hata kidogo, ila nesi mmoja hapa hajui kumwogesha mtu, alimwaga maji hovyo mpaka plasta ikabidi ikatwe. Wodi ikacheka. Mwenzake akacheka kuliko wote.

"Ni kweli, mzee," nikasema. "Kosa lilikuwa langu. Unisamehe."

Akasema amenisamehe, akaninyooshea mkono kuniaga. Nilimpa wangu, huku mwili umekaza kidogo, maana vidole vina kumbukumbu. Akaushika kwa viganja vyake viwili vilivyojaa sugu, taratibu mno, kama mtu aliyeokota kifaranga. Hakubana kabisa, na hakuuachia upesi.