Kijiko cha Pili cha Sukari

Kutia pombe chupani nilifundishwa na mama yangu kule Bunda, na sijaona aliyenishinda. Watu wengi walikuwaga wanapika pombe ya mtama, wanaitoa kwenye chungu na kuinywa kwa mirija, basi, mambo yameisha. Mama alikuwa anaichuja kwa kitambaa wakati bado inachemka yenyewe bila moto, kidogo kidogo, anaimimina kwenye chupa, anatia kijiko kimoja cha sukari na kuziba. Ukiiacha siku chache mahali penye joto, inashika gesi. Ukiifungua inatoa povu jeupe na inakupanda puani, unatoa machozi na unataka tena.

Kijiko kimoja, kilichofutwa juu kwa kidole. Hapo hakunaga mjadala.

Ujuzi huo nilikwenda nao kwa mume wangu, kijiji kimoja upande wa Butiama. Nasema nilikwenda nao, maana kingine sikubeba. Tulitoroka, na sijuti hata leo. Ng'ombe walipelekwa kwa baba baadaye, wote wazima, na baba akawapokea. Ila alikataa kutupulizia. Kwetu mzazi anachukua funda la pombe mdomoni, anawapulizia binti na mumewe kifuani, na hiyo ndiyo baraka yenyewe. Baba alisema hawezi kupoteza pombe yake nzuri kwa kijana ambaye hajawahi hata kumwona akinywa.

Mimi nilikuwa na mimba, tumbo limeshatangulia mlangoni. Kwa mambo mengi mimi si mwoga, lakini kuzaa bila kupuliziwa na baba, hapana, hilo lilininyima usingizi.

Sasa, angemjuaje mkwe wake anavyokunywa? Baba mkwe na mkwe hawaweki mirija kwenye chungu kimoja, ni mwiko. Mmoja akinywa, mwingine anakaa pembeni anaangalia kuku. Nilizunguka na jambo hilo kichwani mpaka siku moja, nikiwa natwanga, nikacheka peke yangu. Chupa! Kila mtu na chupa yake, pombe ni moja, chungu hakipo, mwiko haujaguswa. Na baba, mkulima wa pamba aliyependa bia ya baa kila msimu wa mauzo, angekataaje pombe yenye povu aliyoitengeneza binti yake? Nikamtumia salaam, naye akajibu kwamba atakuja, "kuonja tu."

Wakati huo tulikuwa tumeshahamishiwa kijiji cha ujamaa, nyumba zimepangwa mstari, ukipiga chafya jirani anakujibu. Mume wangu alishuka Musoma kwa baiskeli akarudi na chupa za bia tupu, na tyubu kuukuu niliyoikata vipande. Kizibo changu kilikuwa gunzi la mahindi lililovikwa mpira wa tyubu, halafu linafungwa kwa kamba ya katani mpaka shingoni mwa chupa. Gunzi peke yake linapumua, gesi yote inatoroka. Sukari nayo ilikuwa adimu, duka la kijiji lilikuwa likigawa kidogo kwa kila kaya, tena siku ilipokuwepo. Yetu niliificha kama dawa.

Asubuhi ile nilishamimina pombe na kutia sukari, kijiko kimoja kila chupa, imebaki kuziba tu. Mara rimu ya gari iliyoning'inizwa kwenye mti ikagongwa, watu wote shamba la kijiji! Ukichelewa unasemwa mkutanoni. Nikamwambia mama mkwe, "Mama, niangalizie chupa zangu, nzi wasiingie." Akasema, "Nenda, mwanangu, hapa nipo."

Niliporudi nikaziba, nikazilaza karibu na jiko. Baada ya siku chache nikagusa kamba, zimekaza kweli kweli. Nikajisifu. Nikasema, baba leo ataniita fundi.

Baba alikuja na basi, akamalizia kwa miguu. Akakaa kwenye kigoda upande mmoja wa uwanja, mume wangu upande wa pili, ameinamisha macho kama inavyotakiwa. Majirani wakaota milangoni. Nikapiga magoti katikati yao na chupa ya kwanza, nikakata kamba.

Lo! Gunzi lilipaa juu ya paa. Pombe ikaruka kama imefukuzwa, ikampiga mume wangu kifuani, shati lote chapachapa, ikanigeukia mimi usoni na tumboni. Nilibaki nimeshika chupa inayomwaga povu mikononi. Hakuna aliyecheka. Nilitamani ardhi inimeze, jamani, maana nilimjua baba yangu: kwake pombe iliyomwagika ni matusi.

"Nani ametia sukari?" akauliza.

Kabla sijafungua mdomo, mama mkwe akajibu kutoka nyuma ya mlango, "Ni mimi, mkwe. Niliona mtoto anatia kijiko kimoja tu. Nikasema tutamwaibisha mzee, ataona sisi wachoyo. Nikaongeza kimoja kimoja, kutoka kwenye sukari yangu ya uji."

Siku zote hizo nilimwona akinywa uji mtupu, akaniambia sukari inamuumiza meno. Kumbe!

Baba akamtazama mume wangu, ambaye hakujifuta. Maji ya pombe yalikuwa yanamtiririka kidevuni naye amekaa palepale, macho chini, hakuniambia hata neno moja baya. Halafu baba akainuka, akaichukua ile chupa mikononi mwangu. Ilibaki nusu. Akavuta funda, mashavu yakajaa.

Fuuu! Kwenye kifua cha mume wangu. Fuuu! Kwenye tumbo langu.

"Chupa imenitangulia," akasema. "Nimemalizia tu. Huyu mama akusaidie kulea."

Nililia kwa sauti, na majirani ndipo walipocheka.

Mpaka leo napima kijiko kimoja, kilichofutwa kwa kidole. Ila mtoto akikaribia kuzaliwa kwenye ukoo wetu, kuna chupa moja naitilia viwili, na anayekatiwa kamba mbele yake haruhusiwi kukwepa.