Kinyumenyume Hadi Kundelungu

Tangu tumzike baba yetu, Floribert Mukuka, watu wanaokuja kutupa pole hapa mtaani Kamalondo hawakai kimya muda mrefu. Wanasali nasi, wanapangusa macho, halafu mmoja anauliza kama tunaijua habari ya lori na mama mkwe, na mara kilio kinageuka kicheko. Mama yetu, Delphine, hakasiriki. Viatu vya kazi vya baba bado viko mlangoni, amekataa tuviondoe, lakini habari hiyo ikianza anasogeza kiti karibu ili awasahihishe wanaokosea. Ninaiandika kama alivyonisahihisha mimi, na kama nilivyoisikia kwa baba mwenyewe, ambaye Mungu alimwita katika Kwaresima akiwa amekwisha kuungama na kupakwa mafuta matakatifu.

Baba alikuwa dereva tangu malori yalipokuwa machache mjini Elisabethville na watoto wakitoka nje kuyaona yakipita. Wakati huo alifanya kazi kwenye shamba la ng'ombe juu kabisa ya mlima wa Kundelungu. Alishusha ngozi na siagi mjini, akapandisha chumvi, unga na nyaya. Alipewa nyumba hukohuko juu, na mama akamfuata, ingawa hapakuwa na jirani isipokuwa wachunga ng'ombe na upepo. Alikuwa na sababu. Huku Kamalondo alikuwa amezika watoto wawili, mmoja baada ya mwingine, na hakuna aliyefika umri wa kutambaa. Nyumba ilikuwa imemshinda.

Kuhusu vifo vile, wanawake wa mtaani walikuwa na maelezo yao. Kwetu mwanamume na mama mkwe wake wanaheshimiana kwa kukwepana. Hawatazamani usoni, hawasemezani, hawali pamoja, hawatajani majina, na wakikutana njiani mmoja anaingia majanini mpaka mwenzake apite. Baba, siku ya harusi, alilewa furaha akasahau. Alimshika mkono mama mkwe wake mbele ya watu wote, akamtazama machoni, akacheka. Mtoto wa pili alipofariki, wanawake wakaukumbuka mkono ule. Padri aliwaambia ni maneno ya kipagani. Mama mkwe mwenyewe, nkambo yetu, yaani bibi yetu, Kapinga, alimwitikia padri kanisani, akarudi nyumbani na kuzidi kumkwepa mkwewe. Mimi ninaamini Mungu hahesabii watoto wachanga salamu za baba zao. Lakini mimi sikuzika watoto wawili.

Basi mama akawa na mimba ya tatu, na siku zilipokaribia akamwambia baba, aliyekuwa anashuka mjini na mzigo, kwamba safari hii anamtaka mama yake. Alisema hivi: "Usirudi bila yeye. Na musivunje heshima njiani, hata kidogo." Ndiyo kazi aliyopewa: kumfikisha nkambo kwa binti yake kabla ya uchungu, bila kumtazama wala kusema naye, ndani ya lori lenye kiti kimoja kirefu cha mbele.

Wokovu wake ulikuwa Abibu. Huyu alikuwa mfanyabiashara Mwislamu, mtu wa Maniema, jirani yetu wa Kamalondo, aliyekuwa anapeleka vitenge kwa wake wa wachunga ng'ombe. Abibu alikaa mbele na baba. Nkambo alikaa nyuma juu ya magunia ya unga, amewapa mgongo, mwavuli mkononi. Akitaka kusema neno, alimwambia Abibu kupitia dirisha dogo, na Abibu alimwambia baba, ambaye alikuwa amekwisha kulisikia.

Hawakuwa wametoka mbali na mji lori liliporuka shimo na nkambo akaruka na magunia.

"Abibu, uliza dereva," alisema. "Ile shimo, yeye njo aliitafuta, ao shimo njo ilimutafuta yeye?"

Abibu akauliza, uso mkavu kabisa.

"Ambia mama ile shimo ilizaliwa mbele ya lori," baba alijibu. "Tunaiheshimu."

Wakaenda hivyo kutwa nzima. Abibu alilalamika kwamba amebeba maneno mengi kuliko lori lilivyobeba chumvi. Walipofika kijiji cha Lukafu jioni, nkambo alikula kwa mkulima mmoja wa ukoo wake, baba akala upande wa pili wa lori, na Abibu alikula pande zote mbili, kwa sababu, alisema, mkalimani lazima ashibe katika lugha zote.

Asubuhi wakaufikia mlima. Wasioujua Kundelungu wafikirie ukuta wenye miti, na juu ya ukuta uwanja wa nyasi usio na mwisho. Barabara haikuwapo. Ilikuwepo njia ya ng'ombe, iliyopanuliwa kwa majembe, yenye mawe upande mmoja na bonde upande mwingine, na mvua za kwanza zilikuwa zimeilainisha. Chini ya mlima baba akaligeuza lori, mkia ukaelekea juu na pua ikaelekea Lukafu.

Nkambo akagonga dirisha. "Abibu, uliza dereva kama tunarudia Kamalondo."

Hakujua, na Abibu hakujua, kwamba lori la aina ile lilipanda milima mikali kinyumenyume tu. Tangi lilikuwa chini ya kiti, na petroli ilitiririka yenyewe kwenda kwenye injini kama maji ya mfereji. Ukiinua pua, injini inakuwa juu kuliko tangi, petroli haifiki, na lori linazimika katikati ya mlima. Kwa hiyo madereva wa huko walipanda kwa mkia. Baba alikuwa amefanya hivyo mara nyingi, ila siku nyingine mzigo wake ulikuwa mdogo, au msaidizi wa shamba alitangulia akimwelekeza. Safari hii msaidizi alikuwa na homa, na magunia yalikuwa yamepangwa juu kuliko kichwa cha baba. Alipogeuza shingo aliona unga tu. Abibu ilimbidi ashuke atembee upande wa chini na gogo la mti, ili alisukume chini ya gurudumu kila lori lilipopumzika. Aliyeiona njia alikuwa mmoja tu, naye ameketi juu ya magunia na mwavuli.

Mwanzoni nkambo alimpigia Abibu kelele, Abibu akampigia baba kelele, na kati ya kelele na kelele lori liligonga mti. Nkambo alifikiri kidogo. Halafu, bila kugeuza uso, akaanza kusema na lori.

"We lori, ende ku mulima kidogo. Ku mulima, minasema. Unakuwa mujinga sawa mbuzi ya Kambove. Sasa ku bonde. Basi, njo vile."

Baba akauzungusha usukani kila lori lilipotukanwa. Abibu alisema baadaye kwamba hajawahi kuona chombo kinachotii hivyo. Kwa njia hiyo walipanda vizuri, wakapita mahali ambapo unayaona maji ya mto Lofoi yakianguka kwa mbali, meupe kama uzi. Tatizo likawa moja. Nkambo aliogopa, na kila alipoogopa alisema, "Lori, simama." Alisema hivyo kwa jiwe, akasema kwa nyoka ambaye alikuwa mzizi, akasema pia mwavuli uliponaswa na tawi. Kila kusimama kwenye matope kulikuwa hatari, kwa sababu lori liliteleza kabla gogo halijashika. Baba akaacha kusikiliza neno hilo.

Karibu na kilele kuna kona. Lori lilikuwa katikati ya kona hiyo nkambo aliposema simama, na baba akaendelea. Akasema tena. Baba akaendelea.

"Floribert," nkambo alisema. "Simama. Udongo inaanguka."

Baba alituambia mguu wake ulikanyaga breki kabla yeye mwenyewe hajaelewa. Hakuwa amewahi kulisikia jina lake katika mdomo ule. Abibu akatupa gogo. Walipokwenda kuangalia, ukingo wa njia ulikuwa umekatika kama mkate, na gurudumu la nyuma, upande wa bonde, lilikuwa nusu juu ya ardhi na nusu juu ya hewa. Chini yake miti ilionekana midogo kama mboga.

Abibu alimsaidia nkambo kushuka. Nkambo hakulitazama gurudumu. Alikaa juu ya jiwe, akajifunika uso kwa kitenge, akasema polepole kwamba amekwisha kumwua mtoto wa tatu.

Baba alisimama mbali, macho chini, akamwomba Abibu amwambie nkambo asilie. Abibu alikuwa anahema, matope mpaka kifuani.

"Mwambie wewe," alisema. "Mimi nimechoka, na hayo si maneno ya kubebwa na mtu mwingine."

Kwa hiyo baba akasema, akiyatazama matope. "Mama, kama ungenyamaza, leo Delphine angebaki bila mama na bila bwana. Wewe uliita jina yangu juu ya kunipokonya ku lufu. Mungu alisikia ile jina sawa vile mi niliisikia. Sizani iko na hasira."

Lufu ni mauti; ni neno ambalo watu wetu hawalitaji ovyo. Nkambo alitoa rozari, akaipitisha vidoleni kidogo, akairudisha kifuani.

"Mutoshe magunia, muweke chini," alisema. "Hii lori iko muzito."

Wakapakua, wakajaza mawe chini ya gurudumu, wakalirudisha lori njiani, wakapakia tena. Nkambo akapanda juu ya magunia, na kuanzia hapo hakusema na lori tena. Floribert, ku mulima. Floribert, polepole. Floribert, usikawie. Baba alisema hata siku ya ubatizo hakuitwa jina mara nyingi namna ile.

Juu, wakageuza lori, wakavuka nyasi katika upepo wa baridi, punda milia wakiwakimbia pembeni. Walipofika shambani mke wa mchunga ng'ombe mmoja alikuwa mlangoni, mikono kichwani. Uchungu ulikuwa umeanza. Nkambo aliruka kutoka juu ya magunia kama msichana, akaingia, mlango ukafungwa.

Hapo ndipo baba alipoogopa kuliko penye kona. Penye kona alikuwa na breki. Alisali rozari yote akiosha lori, na Abibu akatandika mkeka wake nyuma ya zizi, akasali kwa namna yake, na hakuna kati yao aliyefanya mzaha. Siku iliyofuata jua likachomoza, likapanda. Aliyepaswa kutoka kuleta habari, kwa desturi, ni jirani. Mlango ulipofunguka baba aliona miguu ya mama mkwe wake ikija juu ya nyasi, ikasimama mbele yake, naye akainamisha kichwa zaidi.

"Inua macho, Floribert," alisema. "Uko na mutoto mwanamuke. Analia mupaka masikio inaniuma."

Huyo ndiye dada yetu Annie, aliyetuongoza katika wimbo siku ya maziko.

Baba akainua macho. Aliona mwanamke mchovu, nywele nyeupe kwa unga wa magunia tangu paji la uso hadi kisogoni, nyusi nyeupe, pua nyeupe, na katikati ya weupe wote huo macho ya Delphine. Alijikaza, akashindwa, akacheka. Nkambo akajipangusa, akauona unga mkononi mwake, akacheka vilevile. Halafu akaushika mkono wa baba, akamwingiza ndani.