Picha ya Mashamba ya Minago

Wapo waliosema sitafika hata Ujiji, mwanangu, na wengine wakasema nikifika nitarudi na upele tu. Nilirudi na kamera. Nilirudi pia na diploma yenye muhuri mwekundu, niliyopewa na fundi Mgoa aliyenifundisha kupiga picha kule Tabora. Mtu wa kwanza wa Rumonge kuwa na karatasi ya namna hiyo ni mimi. Wa pili bado sijamsikia.

Siku ninayotaka kukusimulia ilikuwa ya kiangazi, enzi za Wadachi, ndio Wajerumani. Bwana wa boma la Usumbura alitaka picha mbili za mashamba ya Minago, moja wakati wa ukavu, nyingine baada ya mvua, mahali pale pale. Mkalimani akaniambia, "Mashamba tu. Watu hataki." Kamera ilikuwa bado mali ya fundi wangu. Aliniahidi kuwa bwana akiipenda picha, kamera ingekuwa yangu. Akiikataa, ningeirudisha Tabora na kurudia kuanika ndagala, dagaa wetu wa ziwani, kwa baba, mimi na diploma yangu.

Basi nikaazima. Mjomba Rajabu, mvuvi, alinipa mtumbwi wake wa kunifikisha Minago. Bi Nyanzobe, mjane mwenye shamba Minago, alinipa kibanda chake cha mawese, nikaziba matundu kwa udongo ili nipate giza la kusafishia picha. Majirani zake walinipa mikeka na vyungu. Wote walitaka kitu kimoja tu, waonekane pichani.

"Shamba bila mwenyewe," alisema Bi Nyanzobe, "ni kumwambia muzungu karibu, chukua."

Nikawakubalia wote. Kijana mwenye diploma hasemi hapana.

Lakini sikiliza akili niliyokuwa nayo. Minago jua huchomoza nyuma ya milima, kwa hiyo asubuhi mashamba yote huwa kivulini. Katika mwanga hafifu kamera huachwa wazi muda mrefu, na anayetembea haishiki sura yake. Humshika aliyesimama tu. Nikawaambia, "Ingieni wote, ila msisimame kama nguzo. Bwana anapenda watu wanaofanya kazi."

Walikuja wamevaa nguo za Idi. Mjomba Rajabu alikuja na mwavuli.

"Mjomba, wewe huna shamba hapa."

"Ziwa si lile pale? Shamba langu lile. Piga picha."

Nikafungua kamera. Watu wazima wakalima udongo mkavu kama tofali, wamevaa kanzu nyeupe, nami nawahimiza. Mjomba alikwenda na kurudi na mwavuli wake kama bata aliyesahau njia.

Kibandani nikaitazama sahani ya kioo iliyoshika picha. Mabua ya mtama yapo, mihogo ipo, vumbi limetanda juu ya ziwa, na watu hakuna. Nikacheka peke yangu. Kisha nikaona, katikati kabisa, Bi Nyanzobe amesimama wima, jembe begani, ananikodolea macho.

Nikatoka mbio. "Bibi, nilisema mtembee."

"Nililima jana. Leo nimekuja kupigwa picha."

Sahani zilizobaki zilikuwa za masika. Nikapeleka hiyo hiyo bomani. Bwana aliitazama sana, akampima bibi kwa kalamu yake, akaipima na mihogo. Mkalimani akasema, "Anauliza huyu ni nani."

"Mwenye shamba, bwana."

"Anasema vizuri. Sasa anajua mihogo ina urefu gani. Masika asimame tena pale pale."

Kamera ikawa yangu. Nilirudi Minago kifua mbele, nikawaonyesha picha.

Mjomba aliigeuza, akatazama na nyuma yake. "Mimi niko wapi?"

"Ulikuwa unatembea, mjomba."

"Na mwavuli?"

"Ulitembea nao."

Akachukua makasia yake, akaondoka bila kuaga. Bi Nyanzobe ndiye aliyesema. "Mimi umenilipa, ingawa hukutaka. Wenzangu hawa hata kivuli hukuwapa. Karatasi yako ya Tabora haikukufundisha hilo?"

Mvua zilipoosha anga hata milima ya ng'ambo ikaonekana, nilipita shamba kwa shamba. Nilingoja alasiri, jua linapomulika kutoka upande wa ziwa na kuangukia migongo ya vilima, mahindi yanang'aa, na uso wa mtu unaonekana hadi nywele za kidevu. Nilimpiga picha kila mtu katika shamba lake, na Bi Nyanzobe pale pale alipotaka bwana. Wa mwisho alikuwa mjomba, ndani ya mtumbwi tuliouvuta hadi mchangani ili usitikisike.

"Usisogee, mjomba."

"Nina siafu mguuni, na sisogei."

Siku hiyo nilimaliza kumlipa kila aliyeniazima. Mwanangu, mtu akikupa kitu chake kwa ahadi, mlipe ile ahadi, usimlipe ujanja wako, hata kama ujanja wako una muhuri. Na kabla hujaelekeza kamera kwenye shamba, uliza la nani. Mungu akupe macho mazuri, mikono isiyotetemeka, na watu watakaokuazima tena.