Gololi Iliyoshusha Bei ya Nyumba

Saa nne asubuhi, Mama Brashi anafungua dirisha la mwisho la sebule ili mwanga uingie wote. Kuta amezipaka mwenyewe, mara tatu, rangi ya maziwa. Hata ukisogeza jicho hadi ukutani huoni mahali brashi ilipopita.

Mnunuzi wa leo anauza vipuri vya magari. Ametazama dari, amefungua bomba la jikoni, amevuta maji ya choo na kusikiliza tangi likijaa. Ametabasamu mara mbili. Kisha anaingiza mkono mfukoni, anatoa gololi ya kioo, anainama na kuiweka katikati ya sebule.

Gololi inatulia kidogo. Halafu inaanza kuviringika, kwanza polepole, kisha kwa kasi, mpaka inagonga kizingiti cha mlango.

"Basi ni kweli," anasema mnunuzi.

"Kaka, huo ni mteremko wa maji. Sakafu ya sebule inawekwa hivyo makusudi, ukideki maji yatoke nje. Fundi yeyote atakwambia."

"Nimesikia, dada. Nitakupigia."

Hatapiga. Huyu ni wa kumi na nne tangu nyumba itangazwe kuuzwa miezi saba iliyopita, na ni wa sita kuja na gololi yake.

"Angalau huyu ameondoka nayo," anasema Mama Brashi akirudisha komeo la dirisha. "Wengine wananiachia. Ninazo tatu kwenye mkoba."

Gololi za wageni angeweza kuzivumilia. Kinachomkosesha usingizi ni kwamba mtu wa kwanza kuweka gololi kwenye sakafu hii alikuwa yeye mwenyewe.

Mama Brashi ana miaka arobaini na mitatu, na kwa kumi na minane kati ya hiyo amepaka rangi nyumba za watu. Siku yenye kazi humpa elfu thelathini na tano. Wiki nzuri ina siku nne za namna hiyo. Mbaya haina hata moja. Mumewe ni dereva wa basi la shule. Wanaishi na watoto wawili katika vyumba viwili vya kupanga ambavyo kuta zake hazijaona rangi kwa miaka mitano. "Mganga hajigangi," mumewe huwaambia wageni kabla hawajauliza.

Wazo la kununua nyumba lilimjia akiwa juu ya ngazi. Alikuwa amepaka nyumba moja kwa laki nne, mwenye nyumba akaiuza wiki iliyofuata kwa milioni tano zaidi ya bei aliyokuwa ameshindwa kuipata kabla ya rangi.

"Nikajiuliza, hiyo tano imetoka wapi kama si kwenye brashi yangu?"

Kwa miezi minane alitazama nyumba ishirini na mbili. Alikwenda baada ya mvua, kwa sababu siku ya mvua nyumba haiwezi kuficha kitu. Alinusa makabati, akagonga kuta kwa kifundo cha kidole na kusikiliza. Alikuwa akitafuta kitu kimoja tu: nyumba chafu isiyo mgonjwa. Nyumba ambayo mtu wa kawaida angeikunjia uso, lakini fundi rangi angejua kwamba ugonjwa wake uko juu ya ngozi.

Aliyemwonyesha nyumba ya ishirini na tatu ni dalali anayejulikana mtaani kote kwa jina la Asilimia. Ilikuwa na vyumba vitatu, na mwenyewe alikuwa mkunga mstaafu, mjane, anayetaka milioni ishirini na sita. Magoti yalikuwa yamechoka na nyumba ilikuwa imemzidi ukubwa. Hesabu yake ilikuwa fupi: auze, anunue nyumba ndogo ya vyumba viwili, kinachobaki kimtunze uzeeni.

Mama Brashi alihitaji dakika ishirini kuisoma nyumba. Unyevu chini ya ukuta wa nyuma ulitokana na mfereji wa paa uliovunjika na kurusha maji ukutani. Nyufa juu ya madirisha zilikuwa za lipu, nyembamba kama unywele, hazikufika kwenye tofali. Msingi ulikuwa mzima kabisa. Alimnong'oneza dalali kwamba bei ni ya haki.

Asilimia alimvuta hadi nyuma ya choo cha nje.

"Dada, wewe ni mgeni kwenye kazi hii. Bei ya haki wanalipa wageni. Ukiingia kununua, ingia kama mama mkwe: usisifu kitu. Mwenye nyumba anaipenda nyumba yake, mtoe kwanza kwenye mapenzi."

"Nimtoe vipi?"

Dalali akatoa gololi mfukoni.

Kilichofuata sebuleni, Mama Brashi anakisimulia bila kujipunguzia. Asilimia aliwaita ndani majirani watatu waliokuwa wamekaa barazani, eti wawe mashahidi ili mama asije akasema ameonewa. Mama Brashi akaiweka gololi sakafuni. Ikakimbilia mlangoni.

"Nikamwambia, mama, umeona? Msingi unazama. Upande wa mbele umeshakwenda chini. Zile nyufa za madirishani ndiyo nyumba inavutana. Nikamwambia mimi ni fundi, ninaingia nyumba za watu kila siku, nisingependa uje ufukiwe humu."

Mkunga aliitazama gololi muda mrefu. Akasema marehemu mumewe, aliyekuwa karani wa posta, alisimamia ujenzi ule mwenyewe kila jioni akitoka kazini.

"Karani angejuaje zege, bibi yangu?" alisema Asilimia, na jirani mmoja akacheka.

Walikubaliana milioni kumi na saba. Mkunga alimshukuru kwa kumwambia ukweli, akamchemshia chai.

Fedha za kununua zilitoka sehemu tatu. Milioni kumi na moja ni za kiwanja alichoachiwa na mama yake. Nane zilikopwa kwenye chama cha akiba na mikopo cha kazini kwa mumewe, na kila mwezi chama hicho hukata laki mbili na elfu sitini kwenye mshahara wa laki tano na arobaini. Nne ni akiba yake ya miaka sita. Baada ya ada ya dalali, uhamisho wa hati, mfereji mpya, lipu na rangi, zote ishirini na tatu zilikuwa zimeingia kwenye kuta. Alitarajia kuuza thelathini na mbili.

Hakuuza, kwa sababu alikuwa amesahau kwamba nyumba ina majirani, na majirani wana midomo.

Tena hawakuwa wakisema uongo. Walisema walichokiona. Mnunuzi alikuja, akapenda, akavuka barabara kununua soda dukani, na muuza duka akamuuliza kwa upole kama amesikia habari ya msingi. Aliyetaka uhakika alielekezwa kwa mkunga mwenyewe, mitaa miwili mbele. Na mkunga, ambaye kwa miaka thelathini na mmoja alipokea nusu ya watoto wa pale, alimwambia kila mtu lile aliloamini: nyumba inazama, msilaze watoto mle, fundi mwenyewe alinionyesha kwa gololi.

Mama Brashi alimleta mkaguzi wa majengo. Ripoti ya kurasa mbili ilisema msingi ni imara. Aliibandika ukutani ndani ya plastiki. Mnunuzi wa tisa aliisoma yote, akaguna.

"Karatasi hununuliwa, dada. Mkunga hanunuliwi."

Alifikiria kulaza sakafu upya iwe sawa. Fundi alitaka milioni moja na laki mbili. "Ningeilaza, wangesema nimefunika. Mtu akishaamini nyumba inazama, kila unachokitengeneza ni ushahidi." Alijaribu kupangisha. Waliokuja ni wa mbali, na muuza duka hakulala: nao aliwaambia habari ya msingi.

Mumewe hakuwahi kumpigia kelele. Jioni moja tu, akiwa amerudi na mfuko wa mshahara uliokwisha kukatwa, alisema: "Mke wangu, uliitukana hii nyumba mbele za watu. Sasa unataka watu hao hao waisifu. Mimi nimechoka kuendesha nyumba isiyo na magurudumu. Nenda kwa yule mama."

Ilimchukua wiki tatu kwenda. Alikwenda baada ya yule muuza vipuri.

Mkunga anaishi kwenye chumba cha uani kwa mpwa wake. Milioni kumi na saba hazikutosha nyumba ya vyumba viwili. Ziko benki, zinapungua. Mama Brashi alimkuta akishona kifungo cha blauzi karibu na dirisha, kwa sababu ndani hamna mwanga wa kutosha. Mazungumzo yao, kama wote wawili walivyoyasimulia kila mmoja kwa wakati wake, hayakutofautiana.

"Shikamoo, mama. Ile nyumba haizami."

"Marahaba. Umeitengeneza?"

"Haikuwahi kuzama."

Mkunga aliendelea kushona mpaka kifungo kikakaza. Akakata uzi kwa meno.

"Siku ile ulijua?"

"Nilijua."

"Na mimi nikakuchemshia chai."

"Ulinichemshia, mama."

"Mwanangu, wanawake walikuwa wananijia saa ya uchungu. Mtu mwenye uchungu ukimwambia lolote anaamini. Ningeweza kumwambia mtoto amekaa vibaya, lete pesa nimgeuze. Angeleta. Angeuza hata kitanda alicholalia. Miaka thelathini na mmoja sikusema hilo. Unafikiri sikuwa na shida?"

Mama Brashi alikuwa na ofa. Mkunga akisema neno tu kwa wanunuzi, nyumba ikauzwa, atampa milioni mbili.

Mkunga aliikataa kwa sababu ambayo haikuwa na hasira wala huruma. "Nitasema haizami, kwa kuwa haizami. Sitaki mtu aogope bure. Wakiniuliza kwa nini nilisema inazama, nitawaambia pia. Pesa yako nikiipokea, wataniona nimenunuliwa, na hapo neno langu halitakufaa wewe wala mimi."

"Ukiwaambia hilo, mama, nani atanipa ufunguo wa nyumba yake nipake?"

"Hilo uliulize lile dalali lako."

Asilimia, alipoulizwa kwa simu, alisema mteja akishatia saini kazi yake imekwisha, na kwamba yeye hajawahi kumlazimisha mtu kuweka gololi chini.

Jumamosi iliyofuata alikuja mnunuzi wa kumi na tano, mwalimu wa hesabu, pamoja na mkewe. Safari hii mkunga naye yumo sebuleni, ameketi kwenye kiti pekee kilichopo, fimbo magotini. Mama Brashi amesimama karibu na ukuta wake wa rangi ya maziwa. Mumewe yuko mlangoni.

Mkunga anaeleza yote, tangu mwanzo, kwa sauti ya mtu anayetoa maelekezo ya dawa. Hapunguzi na haongezi.

"Kwa hiyo nyumba ni nzima?" anauliza mke wa mwalimu.

"Nyumba ni nzima, binti. Kilichopinda hapa si nyumba."

Mwalimu anatembea chumba hadi chumba, anarudi, anauliza bei. Mama Brashi ameshashusha hadi ishirini na nane.

"Ulinunua kumi na saba kwa kumtisha mama huyu," anasema mwalimu. "Mimi nakupa kumi na tisa, na sijamtisha mtu."

"Mwalimu, nimeweka ishirini na tatu humu! Nyumba kama hii sokoni ni ishirini na nane."

"Soko gani, mama? Soko ni sisi tuliomo humu. Kumi na wanne wameshaondoka."

Mama Brashi anamtazama mumewe. Mumewe anatazama nje, barabarani, kama dereva anayesubiri abiria apande. Kisha anatikisa kichwa kukubali.

Hati ilihamishwa wiki mbili baadaye. Hasara ni milioni nne, sawasawa na ile akiba ya miaka sita. Deni la chama lilikuwa limebaki milioni sita na laki tisa, likalipwa lote siku hiyo, na mshahara wa dereva ukarudi kuwa mzima. Kiwanja cha mama yake, alichokiuza kumi na moja, sasa kinatajwa kumi na tano. Mkunga bado anaishi kwa mpwa wake. Milioni mbili zilipelekwa kwake mara ya pili, zikarudishwa na bahasha haijafunguliwa.

Kazi nazo zimepungua. Wateja wawili wa siku nyingi wamechukua funguo zao bila maelezo. Wa tatu, ambaye nyumba yake Mama Brashi ameipaka mara nne, alimpigia simu kumpa kazi tena, ila ya ukuta wa nje peke yake. Ndani, alisema, watapaka wenyewe. Aliikubali.

Asubuhi ya mazungumzo yetu ya mwisho amesimama juu ya ngazi, nje ya ukuta huo, akikwangua rangi ya zamani. Anaulizwa kama atanunua nyumba tena.

Atanunua. Tayari ameiona moja, upande mwingine wa mji, vyumba viwili, chafu, si mgonjwa. Mwenyewe ni fundi viatu mzee anayehamia kwa mwanawe. Hajapeleka bei, na safari hii hatapeleka dalali.

"Nimejifunza," anasema, na kukwangua hakukomi. "Sitamwambia nyumba yake ni mbovu. Nitamwambia sina pesa za kutosha. Huo angalau hautakuwa uongo."